Dizeli Kavu na Minazi Yetu

Wananchi, pampu nyingi za dizeli hazina mtu wa kuzitia girisi. Hujilainisha kwa dizeli ile ile inayopita ndani yake. Dizeli ikiwa kavu, chuma husaga chuma, pampu ikalika, na mwenye gari wa Darajani akatia mkono mfukoni.

Tangu 2015 nchi za Afrika ya Mashariki zimekubaliana kuwa salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni. Ni jambo jema kwa vifua vya watoto wetu. Lakini usafishaji unaoitoa salfa huondoa pia vile vitu vinavyoifanya dizeli iteleze. Uswidi waliyaona hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, pampu zao zilipoanza kufa. Tangu hapo dizeli ya namna hii hutiwa dawa ya kulainisha. Jee, dawa hiyo ni kitu gani? Aina moja kubwa hutokana na mafuta ya msonobari! Wana wa kisiwa cha minazi tunalainishiwa injini kwa miti ya nchi za baridi.

Wako watakaocheka na kusema hizi ni ndoto. Ndoto gani? Ufilipino tangu 2007 imelazimisha kwa sheria dizeli ichanganywe na mafuta yaliyotengenezwa kwa nazi: sehemu 1 katika 100, na Oktoba 2024 zikafika 3. Bougainville, kisiwa kilichozingirwa miaka ya 1990, watu waliendesha magari kwa nazi.

Hatusemi mtu amimine chupa ya jikoni ndani ya tangi. Kila mama anajua mafuta ya nazi huganda alfajiri ya kipupwe; nozeli zitaziba. Lazima kwanza yachanganywe na methanoli na magadi makali mpaka glisirini ijitenge, nayo glisirini itawafaa watengeneza sabuni.

Wala hatutaki tui la mnyonge liingie katika injini. Ndiyo maana tunautaja mbarika, unaojiotea majaani bila ya kupandwa. Nyonyo haziliwi, na mafuta yake, yakishatengenezwa hivyo, hulainisha kuliko ya nazi. Sehemu 1 katika 100 yatosha.

Basi tunadai hivi: walimu wa kemia wa SUZA wapewe injini moja ya Serikali, mbata na nyonyo za Unguja, na mwaka mmoja. Kisha pampu ifunguliwe mbele ya mafundi na madereva, na hesabu ya gharama itangazwe.