Tusianze na Soksi za Magoti

Naomba niseme neno katika kurasa hizi za Kiswahili juu ya habari niliyoisoma katika toleo lililopita, kwamba sisi wanafunzi wa zamani tunachanga fedha ili chama cha wanyanyua vyuma kinunuliwe jozi 20 za soksi za magoti, mikanda 6 ya ngozi, na bendeji za kufungia vifundo vya mikono. Nia hiyo ni njema sana. Lakini mimi nasema tusianze na vitu hivyo, na kabla hamjaniita bahili naomba mnisikilize.

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha tatu katika shule hii, nina miaka 15. Chuma chetu siku zile kilikuwa bomba la maji, na katika kila ncha tulivika makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, yenye tundu katikati. Pa kukiweka palikuwa panda mbili za mkaratusi tulizozichimbia nyuma ya bweni. Vijana wa leo wakicheka na wacheke, ila wapo waliotunisha vifua kwa makopo yale yale.

Basi katika muhula wa pili nikaanza kuumwa goti la kulia, chini ya pia ya goti, pale penye kinundu cha mfupa. Sikumwambia mtu. Siku ya michezo ilikuwa karibu, nami nilikwisha kujigamba mbele ya bweni zima kwamba nitachuchumaa na kuinuka mara kumi, chuma kikiwa mabegani. Nikatafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaipasua, nikalifunga goti kwa nguvu hata mguu ukafa ganzi. Ajabu, maumivu yakapungua. Nikafurahi, nikaongeza uzito. Siku yenyewe nilichuchumaa mara kumi na moja, nikapigiwa makofi. Jioni nilipoufungua mpira ule sikuweza kupanda ngazi za bweni, na kandanda sikuigusa tena mpaka mwaka uliofuata.

Ninaloliwaza zaidi hata leo ni jambo lililotokea baadaye. Mwisho wa muhula tuliyachukua makopo yale tukayapima sokoni, katika mizani ya mchuuzi wa viazi. Ya upande wa kulia yalizidi ya kushoto kwa kilo 3 na nusu! Muhula mzima nilikuwa nikichuchumaa nimepinda upande. Goti lilikuwa likiniambia, nami nikalifunga mdomo kwa tyubu.

Sasa tuseme kweli juu ya vifaa vyenyewe, maana si vibaya. Soksi ya goti hushonwa kwa mpira wa namna ile ile ya nguo za wapiga mbizi, na unene wake huwa milimita 3, 5 au 7. Kazi yake ni kuhifadhi joto na kulibana goti kidogo, hata mnyanyuaji akahisi vyema goti lake lilipo na linavyokwenda. Huku kwetu Kabale, asubuhi ukungu haujaondoka vilimani, joto hilo si jambo dogo. Mimi mwenyewe nakaribia miaka 50 na soksi zangu navaa, tena sioni haya. Lakini soksi haishiki mifupa. Goti linaloingia ndani wakati wa kuinuka litaendelea kuingia ndani, limevikwa au halikuvikwa.

Bendeji ndefu ya goti ni kitu kingine, na vijana huzichanganya mbili hizi. Ile huzungushwa na kukazwa sana. Mtu akichuchumaa inavutika, na akiinuka inamsukuma kama springi. Ndiyo sababu IPF, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, limeitenga: katika mashindano ya wasiosaidiwa na vifaa bendeji ya goti hairuhusiwi, na hata soksi imewekewa mpaka, unene usizidi milimita 7 wala urefu sentimita 30.

Na mkanda je? Wengi hudhani unaushika mgongo kama gango linavyoshika mfupa uliovunjika. La hasha. Mnyanyuaji huvuta pumzi ndani, akalisukuma tumbo lake kwenye mkanda, na nguvu ile ya ndani ndiyo inayokifanya kiwiliwili kuwa kigumu kama gunia lililojaa sawasawa. Asiyejua kukaza tumbo bila mkanda hatapata faida kubwa kwa kuuvaa. (Nimemwona kijana mmoja akiuvaa mpaka kwenye chumba cha chakula. Sijui alikuwa akitaka kunyanyua nini kule.) Tena wazee wenzangu wenye maradhi ya shinikizo la damu wakumbuke kwamba kuzuia pumzi namna hiyo huipandisha damu sana, wamwulize daktari kwanza.

Hofu yangu kubwa ni kwa vijana wa vidato vya chini. Miaka mingi baada ya ule mkasa wangu daktari alinieleza kwamba yaelekea nilikuwa na ugonjwa uitwao Osgood-Schlatter. Huwapata watoto wanaokua haraka na kucheza sana: ukano unaotoka kwenye pia ya goti huuvuta mfupa wa muundi pale unaposhikana nao, na mfupa wenyewe haujakomaa bado. Mara nyingi huisha wenyewe mtoto anapomaliza kukua, ila yampasa apunguze mazoezi yanayomtonesha. Sasa mvikeni mtoto huyo soksi nzuri yenye joto, maumivu yapungue, kisha mwone kama atapunguza uzito au ataongeza. Mimi niliongeza.

Juzi mvulana mmoja alinionyesha picha ya Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, ambaye mwaka 1988 huko Seoul aliinua kilo 190 juu ya kichwa katika daraja la watu wasiozidi kilo 60. Akaniuliza, ‘Alivaa nini magotini?’ Hakuniuliza alianza lini kujifunza. Alianza akiwa mtoto, kwao Bulgaria, mbele ya walimu.

Tena liko jambo ambalo sidhani kamati imeliwaza. Soksi ya goti haifai kuazimana. Hulowa jasho, na sote tulioishi bweni twajua choa kinavyotembea. Kadhalika sharti iwe na kipimo cha mguu wa mvaaji. Ikipwaya haina kazi, ikibana mno ni ile tyubu yangu ya baiskeli. Jozi 20 za kupokezana wavulana na wasichana wa vimo mbalimbali ni fedha zilizotupwa.

Fedha hizo hizo zingenunua mbao nene za kufanya sakafu ya sawa, maana ile ya saruji iliyopo imeinamia mlangoni na yeyote anaweza kuona maji yanavyoteremka wakati wa kudeki. Fundi wa kuchomea vyuma mjini angetutengenezea stendi zenye vyuma vya pembeni vya kuudaka mzigo mtu akishindwa kuinuka. Ikibaki akiba, mwalimu wa michezo apelekwe akajifunze. Mikanda miwili yatosha kwa kuanzia, nayo wapewe wa kidato cha tano na cha sita ambao wamekwisha kufundishwa mwaka mzima bila mkanda.

Mchango wangu nimekwisha kumpelekea mweka hazina, na juu ya bahasha nimeandika ‘mbao na stendi’. Mkutano ukiamua vinginevyo, basi namwomba anunue mizani.

Mwanafunzi wa zamani, 1992–1997