Chama Kilipe SHA Kabla Mtu Hajalazwa

Ukitaka kujua pesa za Wang'uru zinatembea vipi, angalia simu za watu msimu wa mavuno. Mpunga ukishauzwa, madeni ya mbolea na trekta yanalipwa, karo inatumwa, mabati yananunuliwa. Miezi michache baadaye simu hizo hizo zinapokea ujumbe mwingine: fulani amelazwa, tafadhali tuma chochote ulicho nacho.

Sisi tunafanya kazi ya kusafirisha pesa hizo, na tuseme ukweli: mchango wa dharura unatuletea biashara kama malipo mengine yoyote. Lakini tunaona ni njia ghali ya kutunza afya ya familia. Maoni yetu ni kwamba chama kilicho tayari kununulia kila mwanachama sufuria au mbuzi kinaweza pia kulipia kila nyumba bima ya afya, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Tuanze na kile ambacho tayari kipo. Tangu Septemba 2023, serikali imesambaza wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, kila mmoja akipewa takriban nyumba 100. Ndio wale wanaopita wakiwa na mkoba, wanakupima presha na sukari, wanauliza kama mtoto amechanjwa. Huku Mwea kazi yao ni muhimu zaidi, kwa sababu maji yanayotulisha ndiyo yanayoweza kutuletea kichocho na mbu wa malaria. Mtu anayeshinda miguu majini akipalilia mpunga anahitaji kuonwa mapema, si mpaka tumbo livimbe.

Mhudumu akikuambia uende zahanati au kituo cha afya, huduma ya msingi pale hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Unachohitaji ni kujisajili na SHA kupitia *147#. Shida inaanza ukitumwa hospitali kubwa, tuseme Kimbimbi, na mama anahitaji kufanyiwa upasuaji au baba analazwa. Hapo wengi hugundua kwamba kujisajili na kulipa ni mambo mawili tofauti.

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mkulima, mama mboga au kijana wa boda boda hupigiwa hesabu kulingana na hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hiyo ni shilingi 3,600. Kwa anayefanya vibarua mashambani, si pesa ya kutoa mara moja. Tunaona sheria ingefaa kuwaruhusu hawa walipe kidogo kidogo, kama wanavyopata. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole upo, ila ni mkopo. Uliza riba kabla hujakubali.

Chama kinaweza kufanya kazi hiyo bila mkopo. Chukua watu 20, kila mmoja atoe shilingi 70 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 1,400. Baada ya wiki tatu mna 4,200, nyumba moja inalipiwa mwaka mzima na 600 zinabaki. Mkiendelea hivyo wiki 52, mna 72,800, na nyumba zote 20 zinahitaji 72,000. Zinazobaki ni za ada ya kutuma. Aliyepangiwa zaidi ya 300 anajazia mwenyewe.

Mzunguko uanze na nani? Si kwa kura. Aanze mama mjamzito, afuate mwenye presha au sukari, kisha mwenye watoto wadogo. Tunajua hapa ndipo patakuwa na maneno, kwa sababu wa mwisho atangoja karibu mwaka. Basi mwenye mpunga ajilipie akivuna, na nafasi yake aachiwe mwenye kibarua.

Sasa usalama wa pesa, maana vyama vingi huvunjikia hapo:

Pesa za chama zisikae kwenye laini ya mweka hazina. Fungueni akaunti ya kikundi inayohitaji watu wawili au watatu kuidhinisha.

Kila malipo ya SHA yaende kwa nambari ya kitambulisho ya mwenye nyumba, na ujumbe wa malipo utumwe kwenye kundi siku hiyo hiyo. Tarakimu moja ikikosewa, umelipia mtu usiyemjua.

Hakikisha mwenzi wako na watoto wameandikwa chini yako. Mchango ni mmoja kwa nyumba, lakini asiyeandikwa hahesabiwi.

Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anatoka SHA, hata akisema anatoka kwetu. Na usimkabidhi pesa taslimu anayeahidi kukulipia.

Harambee hatuiachi, ni desturi yetu na itabaki. Lakini kuchangia jirani akiwa mzima ni nafuu kuliko kumchangia akiwa kitandani. Mkikutana wiki hii, kabla ya chai, wekeni jambo hili kwenye ajenda. Shilingi 70 tu, tuanzie hapo.