Nyumbani Mwetu: Mukeke wa Haraka kwa Jioni ya Kazi

Mama mmoja jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Bujumbura, alitueleza hivi karibuni jambo ambalo bila shaka limewapata wasomaji wetu wengi. Hutoka kazini saa kumi na moja, hupitia sokoni, na hufika nyumbani jua limekwisha zama. Naye amezoea kupika samaki kama alivyofundishwa na mama yake: kumkaanga kwanza katika mafuta mengi mpaka akauke kabisa, kisha kumrudisha jikoni katika mchuzi wa nyanya na mawese. Chakula huiva saa tatu za usiku. Wakati huo mtoto wake mdogo amekwisha lala mkekani na nguo zake za shule, na akiamshwa hula matonge mawili tu, kisha husinzia tena. Siku ya samaki, ambayo ingepasa kuwa siku ya furaha, ndiyo siku mtoto alalayo na njaa.

Hatuulaumu upishi wa bibi yake. Mchuzi ule ni chakula cha Jumapili na cha wageni, tena samaki aliyekaangwa mpaka kukauka huwafaa wale wanaotaka kumweka mpaka kesho. Lakini mukeke aliyetolewa ziwani alfajiri ya leo hahitaji adhabu hiyo. Akipasuliwa vizuri, huiva kwa dakika saba au nane juu ya kikaango chenye moto mkali na mafuta machache.

Tuanze sokoni, maana huko ndiko chakula cha jioni kinakoharibikia. Wavuvi wa Tanganyika huvua usiku kwa taa, nao samaki hufika nchi kavu asubuhi. Kwa hiyo mukeke unayemwona saa kumi na moja jioni amekwisha kaa nje ya maji karibu kutwa nzima. Kama alilazwa katika barafu, hakuna neno. Kama alilazwa juu ya meza ya mbao akimwagiwa maji tu ili ang'ae, mpitie mbali. Mfunue mashavu: matamvua yawe mekundu, si ya rangi ya udongo. Mbonyeze kwa kidole: nyama irudi mahali pake. Jicho liwe limejaa na jeupe kama kioo, lisiwe limezama. Na usione haya kunusa. Muuzaji mwema hachukii. Akikosekana samaki wa namna hiyo, ni afadhali ununue ndagala wakavu kuliko mukeke mbichi wa mashaka. Tena uangalie mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti samaki, wengi wao hupumzika, na bei hupanda. Siku hizo panga maharagwe.

Kwa watu sita yatosha mukeke wawili wakubwa au watatu wa wastani. Mwombe muuzaji awapare magamba na kuwapasua mgongoni, wafunguke kama kitabu, badala ya tumboni. Samaki mzima ni mnene, na moto mkali humchoma nje kabla ya kumfikia mfupani. Aliyefunguliwa huwa na unene wa kidole kimoja, na moto humpenya mara moja. Ukipata kipande cha sangala, kikatwe kwa unene huohuo.

Ufikapo nyumbani, washa makaa kwanza, kabla hata ya kuvua viatu. Weka maji ya ugali juu yake. Wakati maji yanachemka, mwoshe samaki haraka, kisha umfute. Hapa twaomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote. Samaki mwenye majimaji hakaangiki, bali huchemka. Maji hayawezi kupata moto kupita kiasi cha kuchemka, na maadamu yapo juu ya ngozi, ngozi haiwezi kugeuka rangi ya dhahabu. Itanata kwenye kikaango na kuchanika, nawe utadhani kikaango chako ni kibaya. Mfute basi kwa kitambaa safi ndani na nje, mara mbili. Mpake chumvi kijiko kimoja cha chai, umwache dakika kumi huku ukisonga ugali. Chumvi itavuta maji mengine nje, nawe utamfuta mara ya tatu. Mwisho mnyunyizie unga mkavu wa muhogo, kiasi cha vijiko viwili vya mezani, umkung'ute ubaki kama vumbi tu. Ndimu isitiwe sasa, kwani ni maji pia; ngoja mezani.

Ugali ukiwa tayari, ufunike kwa sahani na kitambaa kizito. Makaa sasa yamewaka yote. Weka kikaango cha chuma kitupu mpaka tone la maji likiangukia humo lirukeruke na kutoweka. Kisha ufute, na utie vijiko viwili vya mafuta meupe. Yakianza kutetemeka, mlaze samaki upande wa ngozi, ukianza na upande ulio karibu nawe ili mafuta yasikurukie. Mkandamize kwa mwiko kwa nusu dakika asijikunje. Baada ya hapo usimguse. Wapishi wengi humharibu kwa haraka ya kumgeuza. Samaki akiwa bado anashika, maana yake hajawa tayari, na akiwa tayari atajiachia mwenyewe. Hesabu dakika nne. Utaona weupe ukipanda ubavuni kutoka chini, na nyama iliyokuwa kama kioo ikawa kama maziwa. Mgeuze, mpe dakika tatu. Ncha ya kisu ikiingia kwenye sehemu nene na nyama ikaachana na mfupa bila kuvutwa, ameiva. Usiwarundike wote pamoja, kwa kuwa kikaango kitapoa. Pika mmoja baada ya mwingine, ukiongeza kijiko kimoja cha mafuta.

Je, mawese? Twayapenda kama wapendavyo watu wote waliokulia karibu na michikichi ya Rumonge, lakini hapa si mahali pake. Wekundu wake ni kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, yenye manufaa makubwa kwa macho ya watoto, na moto mkali sana hukiunguza. Yule anayeyachemsha mpaka yawe meupe ameinunua vitamini sokoni na kuirusha hewani. Basi, samaki akiisha kutoka, kikaango kikiwa bado na moto, punguza makaa, tia kijiko kimoja cha mawese, kitunguu kilichokatwa, nyanya mbili, kitunguu saumu kidogo, na fungu la lengalenga lililooshwa na kukatwa. Koroga dakika nne. Mboga itakomba utamu wote ulioachwa na samaki, na hutahitaji kiungo kingine isipokuwa pilipili kwa wakubwa.

Mwalimu wetu alijaribu Jumanne iliyopita. Makaa yaliwashwa saa kumi na mbili na nusu, na saa moja na robo wote walikuwa wameketi. Yeye mwenyewe hakuridhika sana. Alisema ameukosa mchuzi wa kuchovyea tonge. Ni kweli, na kwa huyo twashauri nyanya iwe nne badala ya mbili, na maji robo kikombe. Mtoto hakulalamika. Alitolewa mifupa, akapewa upande wa mkiani, akala ngozi kwanza kwa kuwa ililia kinywani kama karanga.

Kipande kikibaki, usikirudishe motoni asubuhi mpaka kiwe gome. Kama una jokofu kiweke humo usiku uleule, kesho ukichambue ndani ya maharagwe dakika ya mwisho. Kama huna, mpe jirani.

Juma lijalo tutazungumza juu ya ndagala wakavu, na namna ya kuwatoa mchanga bila kuwapotezea ladha.