Gitaa Moja Linatosha, Hata Hapa Litein

Ukitaja muziki wa klasiki, wengi wetu tunawaza ukumbi wa Nairobi, watu wamevaa suti, na karo ya mwalimu ambayo hata bonasi ya majani chai haiwezi kulipa. Ndiyo maana kijana wa Litein akipata gitaa anajifunza kushika G, C na D, anasindikiza kwaya Jumapili, basi. Anaona amefika. Mimi nasema hajafika hata nusu ya safari.

Gitaa likipigwa peke yake ni bendi nzima. Kidole gumba kinabeba besi, vidole vitatu vinavyofuata vinaimba wimbo na kujaza katikati. Mhispania Francisco Tárrega, aliyefariki mwaka wa 1909, alichukua vipande vya piano vya Chopin na Albéniz akavihamishia kwenye nyuzi sita. Vidole vya piano ni kumi, kwa hivyo ilibidi achague noti za kubaki na za kuacha. Kazi yenyewe iko hapo: kuchagua.

Na usiniambie huo ni mchezo wa Wazungu. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet, hapo tu ukielekea Sotik, akarekodi Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani mwenye gitaa, likitamkwa kwa ulimi wa kwetu baada ya sahani zake kusikika kwenye gramafoni. Wasichana wale hawakumwiga. Walichukua kilichotoka mbali wakakitungia wimbo wao, wakasindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi inayokaribiana na nyatiti.

Rekodi hizo zilirudishwa kijijini mwaka wa 2015. Vizuri. Lakini wimbo unaokaa kwenye rekodi tu umelala. Wapigaji wa chepkong wanazidi kupungua, na sisi wenye magitaa tunawatazama tu.

Utasema hailipi. Kweli, harusini watu wanataka kucheza, hawataki kukaa kimya wakisikiliza vidole vyako. Lakini anayeweza kupiga besi na wimbo kwa wakati mmoja hashindwi na kazi ya bendi. Anayejua G, C na D pekee, bendi ikimwacha, amebaki bubu.

Anza na Bourrée ya Bach katika E ndogo. Ina sauti mbili tu, besi na wimbo, na noti zake zinapatikana bure mtandaoni. Weka metronomu kwenye simu, piga polepole mno, vipimo vinne kwa wiki. Usiongeze kasi kabla vidole havijakubali.

Ukiimaliza, sikiliza "Chemirocha" uipange mwenyewe kwa nyuzi sita. Ya Bach ina wapangaji dunia nzima. Hii ya Kapkatet, tusipoipanga sisi, nani ataipanga?