Yoga isiwe sababu ya kuacha tiba ya viungo

Mtu akipatwa na kiharusi au akiumia mgongo hapa kisiwani Mombasa, hakosi washauri. Jirani atamtajia mkandaji hodari, shemeji atasisitiza apigwe chuku, nayo hospitali itampangia siku za kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, ile ambayo wengi wetu huiita fizio. Siku hizi umezuka ushauri wa nne, nao ni yoga. Kwa maoni yangu, yoga yastahili kupewa nafasi, lakini nafasi hiyo ni ya kumsaidia mtaalamu wa viungo, si ya kumwondoa.

Wanaoisifu yoga hawasemi uongo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika jiji la Boston, Marekani, kwa watu 320 wenye maumivu sugu ya mgongo, wengi wao wakiwa wa kipato cha chini. Baada ya wiki 12, waliofundishwa yoga walikuwa wamepata nafuu isiyopungua ile ya waliopewa tiba ya viungo. Mwaka huo huo, Chuo cha Madaktari wa Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kabla ya kukimbilia dawa kwa mgongo wa aina hiyo. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, lilipendekeza mazoezi na hata kukandwa. Kwa hivyo wazee wetu waliokanda kwa mafuta ya nazi hawakuwa wakibahatisha tu.

Lakini mgongo si kiharusi. Wataalamu waliokusanya tafiti kuhusu yoga kwa waliopooza, mwaka huo wa 2017, walipata majaribio mawili tu yenye jumla ya wagonjwa 72. Watu hao hawajazi matatu sita! Hawatoshi kumfanya mtu aache matibabu aliyopangiwa na daktari.

Yafaa tuelewe kila mmoja anafanya nini. Yoga hunyoosha misuli polepole, hufundisha kuvuta pumzi kwa utulivu, huimarisha usawa wa mwili na humwondolea mgonjwa hofu ya kujisogeza. Mtaalamu wa viungo hupima ni msuli upi umelegea na ni kiungo kipi kimekaza, kisha humchagulia mgonjwa huyo mazoezi yake na kuyazidisha kadiri anavyopata nguvu. Mwalimu mwenye wanafunzi kumi mbele yake hawezi kuifanya kazi hiyo.

Hatari nazo zipo. Bega la mkono uliopooza hulegea, na likivutwa kwa nguvu huweza kuteguka. Mtu mwenye mifupa iliyodhoofika akijikunja sana mbele huweza kuvunjika pingili za uti wa mgongo. Mwenye presha ya macho hafai kusimama kwa kichwa. Aliyebadilishiwa nyonga asikunje miguu wala kuipishanisha kabla ya kuruhusiwa na daktari wake. Na mguu uliovimba ghafla na kuuma usikandwe na yeyote, kwani huenda mshipani mna donge la damu ambalo likichomoka litakwenda mapafuni. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna suala la dini pia, na katika Mji wa Kale haliwezi kupuuzwa. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, likihofia maneno ya ibada yanayoambatana nayo. Siku chache baadaye waziri mkuu wa nchi hiyo alisema mazoezi ya mwili bila ya maneno hayo yanaweza kuendelea. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliikubali yoga kuwa mchezo. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, na amweleze mwalimu mapema kwamba anachotaka ni kunyoosha viungo na kuvuta pumzi tu. Asiyeridhika asione haya kuiacha, kwani mazoezi ya fizio yatamtosha.

Linalonisikitisha zaidi ni wagonjwa wanaoacha fizio baada ya siku tatu au nne. Sababu zajulikana: ada, nauli, na jamaa wa kumsindikiza kukosa kibarua siku hiyo. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina ngazi nyembamba zilizosimama wima, na kumshusha mzee kutoka ghorofani hadi tuktuk ilipo ni kazi ya watu wawili. Mzee hubaki juu, naye hakai tena barazani wala haendi msikitini. Ikumbukwe kwamba miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo ambayo mwili hurudisha nguvu nyingi zaidi.

Hapo ndipo yoga ingefaa, kati ya siku moja ya fizio na nyingine. Yako mazoezi yake yanayofanywa mtu akiwa ameketi kitini, nyumbani, bila ya kununua chochote. Mgonjwa amuulize mtaalamu wake ni yapi anaweza kuyafanya na yapi ayaepuke, na ajibu liandikwe kwenye karatasi. Karatasi hiyo aioneshe mwalimu wa yoga, aioneshe na mkandaji.

Wataalamu wa viungo nao wasiwakejeli wanaouliza. Mgonjwa anayechekwa hunyamaza, kisha huenda kwa siri. Nao walimu wa yoga wasimpokee mtu aliyetoka hospitali bila ya kumuuliza alitibiwa nini. Mtaalamu wa viungo ana baraza linalomsimamia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Sheria hiyo haimhusu mwalimu wa yoga, hivyo msomaji, ni juu yako kumuuliza alisomea wapi na kama amewahi kumfundisha mgonjwa wa aina yako. Akikuambia uache fizio au dawa za presha, tafuta mwalimu mwingine.