Neno la Mhariri: Si Maziwa Bali ni Maji

Katika picha za maporomoko zilizofika mezani petu kwa ajili ya toleo hili, aghalabu maji yalikuwa ya namna moja: meupe, laini, hayana tone wala povu, kana kwamba mtu amesimama juu ya jabali akimimina maziwa kutoka kibuyuni. Ikiwa ni kijito cha Materuni kishukacho kutoka Kilimanjaro, au ni Mto Nile wenyewe katika ghadhabu yake, mpiga picha ameisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, akaiacha lenzi wazi muda wa sekunde mbili, kisha akaenda zake ameridhika. Hatuna ugomvi na sekunde mbili. Tunachokikataa ni kuufanya muda huo kuwa ada isiyohojiwa, ilhali kila poromoko lina tabia yake, na wajibu wa kwanza wa mpiga picha, kabla ya kugusa kitufe chochote, ni kuitambua tabia hiyo.

Tazama Maporomoko ya Murchison huko Uganda, ambayo Samuel Baker aliyapa jina hilo mwaka 1864, na ambayo wengine huyaita Kabalega. Hapo Nile, mto mpana uliokuwa ukijiendea kwa nafasi, hubanwa ghafla katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, ukaporomoka kiasi cha mita 43 kwa kishindo ambacho mtu hukisikia kabla ya kuyaona maji. Ukiiacha lenzi wazi kwa muda mrefu mahali hapo, kishindo chote hugeuka ukungu mtupu. Bali ukiifungua kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila bonge la maji lililorushwa hewani husimama peke yake, na msomaji aliye mbali na mto hufahamu nguvu iliyolirusha. Kinyume chake ni Sanje, katika milima ya Udzungwa, ambako maji hushuka takriban mita 170 katikati ya msitu, na sehemu nyingine hutambaa juu ya mwamba kwa nyuzi nyembamba. Hapo nusu ya sekunde, au hata robo, yatosha: nyuzi huonekana zikitiririka, wala hazipotezi umbo lake.

Muda ukisha kuamuliwa, liko suala la kipimo, na hapa ndipo picha nyingi njema huharibika. Maporomoko ya Kalambo, katika mpaka wa Tanzania na Zambia, huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200, lakini katika picha iliyojaa maji na mwamba peke yake hakuna kitakachomwambia mtazamaji kama ameonyeshwa mita 200 au 20. Korongo marabu hujenga viota katika majabali ya bonde lile. Ndege mmoja akipita mbele ya mwamba, akaachwa mdogo kama alivyo, atatoa ushahidi ambao maelezo marefu chini ya picha hayawezi kuutoa. Vilevile Nyahururu, katika maporomoko yenye jina la Joseph Thomson aliyeyafikia mwaka 1883, wageni wengi hupiga picha kutoka ukingo wa juu kisha wakageuka. Na picha ya kutoka juu huyafupisha maji. Atakayekubali kushuka bondeni atalowa, na kitambaa cha kufutia lenzi kitamfaa zaidi ya lenzi ya pili.

Kuhusu mwanga tutasema kidogo tu, kwa kuwa makala za ndani zimelieleza jambo hili kwa marefu. Jua la adhuhuri huyafanya maji kuwa meupe kupita kiasi na msitu kuwa mweusi, hata kamera ishindwe kuvihifadhi vyote viwili. Siku ya mawingu ni neema. Kichujio kinachoondoa mng'ao juu ya majani na mawe yaliyolowa ni chombo cha thamani, ila mwenye nacho akizungushe kwa hadhari pale upinde wa mvua unapotokea katika manyunyu, maana chaweza kuufuta wote.

Tena kuna kazi ya mezani baada ya safari. Weupe uliokwisha kupotea wakati wa kupiga hakuna programu itakayourudisha, kwa hiyo ni heri picha iwe na giza kidogo, ihifadhiwe katika faili ghafi, kisha kivuli kifunuliwe taratibu. Kuirekebisha samawati inayotokana na kivuli cha miti ni halali. Kukoleza kijani hata majani yafanane na plastiki ni uwongo, na kupandikiza mbingu ya siku nyingine ni uwongo mkubwa zaidi. (Na ile chupa inayoelea kidimbwini, ndugu mpiga picha, iokote kwa mkono; usituletee ikiwa imefutwa.)

Kwa sababu hiyo, katika toleo hili chini ya kila picha tumeandika muda ambao lenzi iliachwa wazi, na palipokatwa kingo au kubadilishwa rangi, tumetaja.