Baba Aliyerudi Kutoka Kagera

Ndugu zetu katika imani, wiki hii tunawageukia wasomaji wetu wa Bondeni, kuanzia Kyela mjini hadi Ipinda na Matema, na hasa waliozaliwa katika miaka iliyofuata vita vya Kagera. Wapo miongoni mwao waliolelewa na baba mwema, mwenye kujituma, ambaye hakuwahi kuwapakata.

Vita vile vilipiganwa mbali mno na Ziwa Nyasa. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa Novemba 2, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Lakini jeshi lilikusanywa nchi nzima, wakiwemo mgambo, polisi na askari magereza, hata idadi ikapita 100,000. Kijana aliyezoea kulima mpunga alijikuta akienda kwa miguu Masaka. Waliporudi walipokewa kwa shangwe, nao waliistahiki. Kisha kila mmoja akaingia nyumbani kwake, na maswali yakaishia mlangoni.

Humo ndani baba hushtuka mlango ukibamizwa. Akiguswa usingizini huamka na ngumi, kwa hiyo mama huwafunza watoto wamwite kwa mbali. Mtoto hujua kuusoma uso wa baba kabla hajajua kusoma juzuu.

Ajabu ni kwamba elimu kubwa juu ya mapenzi ya mtoto kwa mlezi wake ilichimbuliwa huko huko Uganda. Mwaka 1954 na 1955, mtafiti Mary Ainsworth alizitembelea nyumba za Waganda vijijini karibu na Kampala, akawachunguza akina mama 26 na watoto wao 28. Kitabu chake kilitoka 1967. Aliona kwamba mtoto aliyezoea kuitikiwa humfanya mama kuwa gati lake: huondoka kwenda kuchunguza vitu, hurudi, huondoka tena. Asiye na hakika hung'ang'ania na kulia. Baadaye, huko Marekani, aliwaona pia wale wanaojifanya hawamhitaji mtu.

Kwa hiyo kinachomuumiza mtoto wa askari si visa vya vita, ambavyo pengine hajavisikia kamwe. Hutabasamu, na uso ule hautikisiki. Hana njia ya kujua kuwa fikra za baba bado ziko Masaka. Hudhani kosa ni lake. Mtoto huyo leo ana miaka 40 na kitu, naye ni mzazi, na utamsikia akisema, "Mimi si mtu wa kubembeleza," kana kwamba anataja kabila lake.

Hatuwatwishi wazee wetu lawama, wala si wote waliorudi hivyo. Tena wapo watoto waliookolewa na bibi au shangazi, kwani moyo wa mtoto waweza kutia nanga kwa zaidi ya mtu mmoja.

Al-Aqra bin Habis, kiongozi wa Banu Tamim na mtu wa vita, alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume hakuuhesabu ukavu ule kuwa ushujaa.

Jambo hili si la kale tu. Tangu 2013 vijana wengine wa Tanzania wametumwa Kongo mashariki, nao hurudi wakawa baba za watu. Mama aweza kumwambia mtoto waziwazi: "Baba alikuwa mahali pa vita, mwili wake bado unaogopa; wewe hukumkosea." Mtoto wa miaka minne hulielewa hilo. Na baba ambaye ndoto hazimwachi ana maradhi yenye tiba, aende hospitali kama aendavyo mwenye malaria. Naye mzee wa Kagera aliyebaki kimya miaka yote hii, mpelekeeni mjukuu akae naye barazani. Mara nyingi mkono ulioshindwa kumgusa mwana humgusa mjukuu.